Marehemu Anauliza Kama Aje Kuimba

Tata Mukalay, mshauri wa gazeti letu,

Nakusalimu kwa heshima, na kabla hujanihukumu nakuomba unisome hadi mwisho, kwa maana furaha iliyonipata mwezi huu inapita zote nilizowahi kupata, na hata hivyo silali.

Mimi ni mpiga ngoma wa Mshindo, ile bendi iliyokuwa ikipiga magitaa ya kukwaruza katika ukumbi wa wafanyakazi wa mgodi hapa Kolwezi wakati kila mtu alitaka rumba, na wazee walikuwa wakitutania mlangoni, "Hii hapana muziki, batoto, ni mashini ya kusaga majiwe," lakini vijana walijaa mpaka madirishani, na aliyewajaza ni mwimbaji wetu Ntambwe, pamoja na gitaa lake jekundu alilolichonga kwa mikono yake na ambalo hakumruhusu mtu hata kulishika. Mwaka 1993, mishahara ikiwa imekatika na watu wenye asili ya Kasai wakifukuzwa, Ntambwe, aliyezaliwa hapahapa na ambaye baba yake alizeekea mgodini, alipandishwa treni na mkewe na binti yao mchanga, nasi tukamsindikiza mpaka stesheni, akapanda na gitaa mgongoni, na tangu siku hiyo hatukusikia neno lake.

Mwaka uliofuata mchuuzi mmoja alitoka Mwene-Ditu, kule Kasai, akatuambia kwamba ameliona gitaa jekundu sokoni, mikononi mwa mtu mwingine, na sisi, tata, tulimjua Ntambwe, asingeliachia gitaa lile akiwa na pumzi, na wengi walikuwa wamekufa katika treni zile, kwa hiyo hatukuuliza zaidi, tuliweka kilio, tukakesha, tukala bukari, ugali wetu, ya msiba, tukaagana naye.

Mwaka huu Banza, muuza kaseti wa mtaa wa Kasulo, amekusanya nyimbo zetu bora kumi na mbili kutoka katika kanda za zamani, zote zikiwa na sauti ya Ntambwe, na majalada yameshachapwa, picha yake mbele na msalaba juu ya jina lake. Alipoijaribu kanda kibandani kwake na wimbo wetu "Ving'ora Vimenyamaza" ukaanza, barabara nzima ilisimama, wauza makaa waliotoka Mutshatsha wakatua magunia yao, wasichana wakaimba kila neno, na mzee mmoja wa wale waliotutania akapaza sauti, "Banza, ongeza! Wasikie mpaka Kingamyambo!" Tata, nilisimama pale nikaona bendi yetu, iliyovunjwa na treni, imeurudisha mji mzima mikononi mwake.

Juma hilohilo niliitwa kwenye fonii, ile redio ya kupelekea habari miji ya mbali, nikaisikia sauti ileile. "Stany, mi Ntambwe. Niko muzima." Msafiri alikuwa amempa habari za kaseti na za kilio. Gitaa aliliuza ili anunue dawa ya malaria ya binti yake, na binti alipona, sasa anasoma shule. Kisha akacheka, akasema, "Nasikia mulinilia muzuri sana. Sasa nikuye kuimba, ao nibakie marehemu?" Akaachia kifungo, akangoja nimwambie aje au abaki. Nikabonyeza changu, nikakiachia bila neno, na mwenye fonii akaniondoa kwa sababu wengine walikuwa wanangoja zamu.

Banza anasema, "Muache kulekule! Marehemu anauzisha kaseti. Na ukileta Mukasai hapa jukwaani, batatupiga majiwe." Mke wangu Joyeuse anasema, "Mulilia mutu muzima bila kumuuliza. Leo yeye anawauliza, munaogopa kumujibu?" Nami naogopa kweli, nisije nikamwita ndugu yangu akaja kuumizwa. Nifanye nini?

Kalumba Stany, Kolwezi

JIBU

Mwanangu Stany,

Watu wengi wa mji huu waliwalilia watu wao baada ya treni zile, na wangetoa kila walicho nacho ili wasikie sauti kama hiyo uliyoisikia. Wewe umeisikia, na ukanyamaza. Jambo hilo ndilo baya kuliko yote uliyoyaandika.

Kuhusu kilio, sitakukemea sana. Mliona gitaa, mkaamua mtu amekufa. Hamkukumbuka kwamba ana mtoto. Baba anayemchagua binti yake badala ya gitaa hajashuka hadhi hata kidogo, na mwambieni hivyo mtakapoonana.

Hofu yako ni ya haki, lakini usiifanye iamue badala yake. Mweleze Ntambwe hali ya mji ilivyo, bila kuipaka rangi, kisha aamue mwenyewe. Akikubali, msimwache ashuke stesheni peke yake. Nendeni bendi nzima pamoja na wake zenu na watoto wenu. Alale nyumbani kwako. Mwoneni paroko na mkuu wa mtaa mapema, na onyesho lifanyike mchana, Jumapili, uwanjani mwa parokia, ambapo kila anayeinua jiwe ataonekana na mama yake. Wale waliosimama barabarani Kasulo hawakumuuliza mwimbaji babu yake alitoka wapi. Waliimba naye.

Banza namwambia hivi: huna ruhusa ya kumweka mtu kaburini kwa kuwa ananunuliwa zaidi akiwa humo. Lakini majalada usiyachome. Mweke Ntambwe mezani kando ya jukwaa, mpe kalamu ya wino mzito, na kila mnunuzi amwone marehemu mwenyewe akiukata msalaba wake na kutia sahihi chini yake. Mji huu umeona misalaba mingi. Acha uone mmoja ukifutwa na mwenye jina.

Kabla ya yote hayo, mpikieni bukari. Mliila ya msiba wake bila yeye. Hii aile nanyi, sahani moja, naye awe wa kwanza kumega.

Joyeuse amekwisha kukushauri vizuri kuliko mimi, na ulipaswa kumsikiliza kabla ya kununua stempu. Kesho asubuhi rudi kwenye fonii. Bonyeza kifungo. Maneno yakikukimbia tena, huna haja ya hotuba. Neno moja la kumwita linatosha, na sote tunalijua.

Kuya.

Tata Mukalay