Mgongo Niliousingizia

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimeficha damu. Inatoka na mkojo, na nyumba nzima hapa Maisaka, Babati, haijui. Naandika kwanza, maana mdomoni haitoki, na sidhani nimebakiwa na muda wa kujizoeza.

Leo nimepelekwa hospitali na mkwe wangu, Mama Irine. Mume wake, mwanangu Clemence, yuko kazini Geita. Masikio yangu yamekufa, kwa hiyo Daktari Sosthenes humwambia yeye, naye huniinamia na kunipazia sauti sikioni. Nimekuwa mwalimu mkuu. Sasa nasemewa.

— Baba, daktari anauliza unaumwa wapi!

Nitaje sehemu ile mbele ya mke wa mwanangu? Nikasema mgongo. Nimepewa vidonge na dawa ya kuchua.

Jumanne, 10 Juni
Tumerudi. Nimeomba rufaa kwa daktari bingwa. Sosthenes akacheka, bila ubaya. Mama Irine akanifikishia: mzee wangu, mgongo wa uzee hauna rufaa. Akianza kuwaandikia wenye migongo, Babati nzima itahamia Moshi kwa mabingwa.

Nikasema naujua mwili wangu. Akasema ndiyo, mzee. Akaongeza vidonge.

Ningeweza kumwandikia kikaratasi. Lakini angekuwa na maswali, na maswali yote yangepita kwenye mdomo wa Mama Irine. Hakuna mlango wa nyuma.

Jumapili, 15 Juni
Sikwenda misa. Mkojo umegoma tangu alfajiri. Nimesimama chooni nimeshika ukuta, jasho tu. Mama Irine akagonga mlango kwa nguvu, akapaza sauti: Baba, ni salama? Nikajibu natafuta sabuni.

Saa saba yametoka matone. Mekundu.

Jumatano, 18 Juni
Benchi la hospitali. Daktari ametoka na faili langu, hajarudi. Mama Irine yuko pembeni yangu, hanitazami. Nami simtazami.

Niliingia na kusema kabla sijaulizwa. Daktari, si mgongo. Nilikudanganya. Ninakojoa damu, na Jumapili karibu nisikojoe kabisa. Nataka bingwa wa mkojo, na siondoki bila rufaa.

Kiziwi hajui kunong'ona. Nadhani hata dirisha la dawa wamesikia.

Mama Irine akageukia ukutani. Sosthenes akaweka kalamu chini, akasema naye. Safari hii Mama Irine hakunipazia sauti. Alisogea mpaka nikasikia pumzi yake.

— Baba, anauliza imeanza lini.

— Pasaka.

Daktari akahesabu kwa vidole: miezi miwili. Uso wake ukalegea kidogo. Akamwambia Mama Irine tumewahi, akachukua kalamu. Naye akanirudishia neno hilo akitabasamu, machozi yakimtoka: tumewahi, Baba.

Ningeweza kuliacha hapo. Rufaa ilikuwa inaandikwa.

Nikamshika daktari mkono wenye kalamu. Nikamwambia si Pasaka hii. Ya mwaka jana.