Mshipa Ulioota Pasipo Pake

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi si mzima, na sitaki uambiwe na watu. Nilianguka karakanani nikichomelea geti. Daktari wa moyo amenipiga picha: nimezaliwa na mshipa mmoja wa kulisha moyo ulioota pasipo pake, kwenye mshipa mkubwa uendao mapafuni. Miaka yote hii nusu ya moyo imekula makombo. Watanipasua, waung'oe mshipa huo, waupandikize unapostahili. Nimekubali.

Mwanao

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanauma, barua yako imeuma zaidi. Umekubali kwa ruhusa ya nani? Baba yako aliingia kupasuliwa akitembea mwenyewe, akatoka kafunikwa shuka. Moyo wako huohuo umebeba vyuma, umezaa. Moyo si geti, ukatwe na kuchomelewa upya. Ukilala kitanda kile, usiniite mama.

Mama yako, kwa sasa

17 Machi

Mama,

Shikamoo, hata usipoitikia. Kweli nimezaa, na mkunga akaniita mvivu nilipozimia. Shuleni nilichapwa kwa kushindwa mbio. Hata wewe ulisema nakwepa kazi. Sikuwa mvivu, mama. Nilikuwa natafuta pumzi.

Daktari hakunificha. Nilimuuliza, "Nikikaa nyumbani je?" Akajibu, "Utaanguka tena, na huenda usiinuke." Basi sitakaa kukisubiri kifo kama mgeni. Naingia Jumatatu. Wewe nikane ukitaka. Mimi nitakuita mama tu.

Mwanao

9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe mwandiko, naandika nimelala. Niko hai. Kifua kinauma, kucheka siwezi, kukohoa ndiyo usiseme. Ila mshipa umehamia kwake. Jana nimetembea wodi nzima. Muuguzi akasema, "Pumzika, dada." Nikamwambia, "Sijachoka." Mama, sijachoka! Sijawahi kulisema neno hilo bila kudanganya.

Radhi siombi.

Mwanao, upende usipende

14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Mabegi yangu yako mlangoni tangu ile Jumatatu. Kila siku nilitaka kuja, kila siku nikaogopa nitakachokikuta.

Bado sijakubali, na kuogopa sikukosea. Lakini kifua kilichoshonwa hakijiogeshi. Nafika Ijumaa. Usije stendi kunipokea, na mkoba wangu hutaugusa. Tutagombana vizuri nikishakaa, ana kwa ana, mpaka mmoja wetu achoke.

Mama