Swala Asiende kwa Danford

Bunda,
18 Julai 1975

Kaka yangu mpendwa Silasi,

Pokea salamu kutoka nyumba hii yote, wa ndani na wa zizini. Sisi tunaamka salama. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anayasahau na kutangulia shambani kabla yetu. Pamba imefunguka vizuri mwaka huu, na ng'ombe wamepita kiangazi cha kwanza bila ugonjwa. Na wewe je? Lile joto la Dar es Salaam mmeshazoeana, au bado unalala sakafuni? Unisamehe mwandiko. Unajua mimi ni shoto, na kiganja changu cha kushoto kimetoka malengelenge. Sababu yake utaikuta mbele.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Umetupatia pikapu ya Datsun, iliyotumika kidogo, na mwenyewe yuko tayari kungoja mpaka mwisho wa mwezi. Ukaniagiza nimshawishi Baba akubali kuachana na Swala, lile gari lake kuukuu, kwa kuwa mimi hunisikiliza. Nataka ujue kwamba nilianza kazi hiyo kwa moyo mweupe. Nilikuwa upande wako kabisa.

Maana kasoro zake nani hazijui? Sakafu ya upande wa abiria imeliwa na kutu, mvua ikinyesha Mama anapandisha miguu juu kama anavuka mto. Dirisha la nyuma linashikiliwa na kipande cha mti. Na gia boksi ndiyo imekwisha kabisa: ukiingiza gia ya tatu inaruka yenyewe na kurudi katikati, kwa hiyo dereva lazima aikandamize kwa mkono wa kushoto njia nzima na usukani aushike kwa mkono mmoja. Spea hakuna. Tumeuliza Musoma, tumeuliza Mwanza, kila fundi anatikisa kichwa na kusema fedha za kigeni hakuna, na Kotina GT ya mwaka sitini na nne hata huko zilikotoka sasa ni za kutafuta.

Lakini kaka, wewe umeondoka siku nyingi. Umesahau uzuri wa gari lile. Milango miwili tu, mgongo umeinama, na ile namba 42 ya mbio za Safari bado inaonekana ubavuni chini ya rangi nyeupe ukitazama jua likiwa pembeni. Yule Mhindi wa kiwanda cha kuchambua pamba aliyemuuzia Baba alishindana nalo kweli, ila alikwama kwenye tope siku ya kwanza, na habari hiyo Baba huisema kwa sauti ndogo sana. Kila aliyetaka kupiga rangi mpya alikatazwa ili namba isipotee. Mama husema yeye Baba humsemesha Kiswahili cha ofisini cha mabwana pamba wenzake, lakini Swala humsemesha lugha ya nyumbani.

Mwaka jana, wakati wa kuhamia kijiji kipya, gari hilohilo ndilo lililobeba kuku wetu, jiwe la kusagia, na mbao za madirisha zikiwa zimefungwa juu kwa kamba za katani. Katibu Kata alikuwa akiliita gari la kibepari mbele ya mkutano. Kisha mkewe akashikwa na uchungu wakati barabara imeharibika na lori la kijiji limelala. Swala alimfikisha Musoma, na mtoto alizaliwa kitandani na si njiani. Tangu siku hiyo Katibu akilipita anagusa boneti kidogo kwa vidole na haongei tena habari za mabepari.

Basi, Jumamosi iliyopita tulikwenda Musoma kumwonyesha gari Danford, yule mnunuzi mwenye mashine za kusaga, ambaye wewe uliandikiana naye. Baba alivaa koti. Tulipitia Butiama kumchukua Shangazi Wegesa, aliyekuwa na shughuli zake mjini, naye akaketi nyuma na kikapu cha viazi akituombea kwa sauti. Kaka, baada ya Kiabakari barabara ilikuwa imechongwa upya, na pale Swala alifunguka. Nakosa maneno. Ule mlio hauko kama wa magari mengine. Unaanzia chini, unajaza kifua, kisha unatulia kama mtu aliyepata alichokuwa anataka. Kwenye kona gari linajilaza kidogo na kushika barabara, halitelezi. Kabla ya kila kona Baba aliinamisha kichwa na kusikiliza, kisha akasema, "Punguza," au akasema, "Mwache aende." Shangazi aliacha kuomba, akaanza kupiga vigelegele. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata hata siku nilipopewa cheti cha ualimu.

Mwigobero tulisimama kununua dagaa. Wauza samaki waliacha mizani, watu wa mitumbwi wakapanda kutoka ufukweni, kila mmoja anataka kujua kama ndilo lile la Bwana Pamba wa Bunda. Mzee mmoja alisema alikuwaga analisikia tangu liko mlimani, na mkewe alikuwaga anatenga chungu motoni kwa kujua kuwa wanunuzi wa pamba wamefika. Baba aliwaitikia wote kwa adabu, kofia mkononi.

Danford hakulizunguka hata mara moja. Alifungua boneti, akaitazama injini, akaridhika. Alieleza kwamba bodi hana haja nayo, tunaweza kuliacha popote. Yeye atang'oa injini aifunge kwenye mashine yake mpya ya kusaga mahindi. Kaka, sikatai kwamba watu wanahitaji unga. Lakini injini ile ikae mahali pamoja, inanguruma kutwa bila kwenda popote! Nilimtazama Baba nikadhani atakasirika. Alijibu tu kwamba ni kazi ya halali, na kwamba angependa wiki mbili za kuzoea kwamba mnyama anaondoka. Wakakubaliana Danford aje kumchukua siku ya mnada wa mwisho wa mwezi. Njiani kurudi nyumbani Shangazi alisema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Sasa nije kwenye habari nyingine, nawe utaona kwamba ni ileile. Jumatano walikuja wakwe. Unamfahamu Stanislausi, mganga msaidizi wa zahanati ya Mugango, niliyekuandikia habari zake. Alikuja baba yake, Mzee Luhende, na wazee wawili, kupanga mahari. Labda hujui kwamba nyuma ya nyumba ya Mzee Luhende kuna Kotina nyingine kama Swala, ndugu yake kabisa. Ilikuwa ya marehemu mdogo wake, akaipindua kwenye mtaro wa Bukima zamani. Yeye alipona, akafa kwa homa miaka mingi baadaye. Paa limebonyea na kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma, lakini gia boksi ni nzima, haijaguswa. Mafundi wengi wamekwenda na fedha, Danford naye, na Mzee Luhende amewafukuza wote. Kitu cha marehemu hakiuzwi. Anasema kinaweza kutoka mikononi mwake kwa njia moja tu, kwenda kwa ndugu.

Kwa hiyo wazee wakakaa, wakaanza kuvutana juu ya ng'ombe kama ilivyo desturi, mmoja anapandisha na mwingine anashusha. Mimi nilikuwa jikoni na Mama, mahali pa binti siku hiyo. Walipofika kwenye ng'ombe watatu wa mwisho na kukwama, Shangazi Wegesa alisimama, akasema ukoo wa binti hauwataki hao watatu. Badala yao unataka lile gari bovu lililoko Mugango, pamoja na kuku wakipenda kuja. Kisha Mzee Luhende akacheka mpaka akashika mbavu, akafuta machozi, na nadhani si yote yalikuwa ya kicheko. Akasema tangu azaliwe hajaona mkwe anayeomba chuma, lakini kwa mkwe atatoa, na marehemu angefurahi.

Baba hakujua lolote. Mama, aliyechungulia kwenye tundu la mlango, ananiambia uso wake uling'aa kama wa kijana, halafu ukazimika palepale. Aliomba wageni wampe muda. Walipoondoka alituita, akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema, ili usidhani nimeongeza: "Mimi na Swala tumekula raha yetu. Ng'ombe za Wankyo ni za Silasi. Nani alionaga baba anakula ng'ombe za kijana wake kwa ajili ya gari?" Akamwagiza Shangazi apeleke habari kwamba tunataka ng'ombe wote, na Danford aje siku ileile waliyopanga.

Ndivyo ilivyo, kaka, na wewe unajua desturi zaidi yangu. Mimi ndiye dada uliyefungamanishwa naye. Ng'ombe wanaoingia kwa ajili yangu ndio watakaotoka kwenda kwa kina Justina kuwa mahari yako. Watatu wakipungua, wazee wa Justina hawatafungua mlango mwaka huu. Itabidi ungoje tuuze pamba ya msimu ujao, labda na zaidi. Sitaki kukupakia asali kwenye sumu. Najua umeshangoja, na Justina naye amengoja.

Sasa nifungue kifua. Shangazi alisema ni matakwa ya ukoo. Si ya ukoo. Ni yangu mimi. Nilimnong'oneza siku tuliyotoka Musoma, na nikamsihi mpaka akakubali. Binti hapangi mahari yake, hilo nimefundishwa tangu utoto, na mimi nimeipanga. Na usidhani nimefanya hivyo kwa kumhurumia Baba peke yake. Ingekuwa hivyo ningesikia fahari kukuambia. Kaka, siku ile aliyekuwa ameshika usukani ni mimi. Bunda mpaka Butiama, Butiama mpaka Musoma, na kurudi. Malengelenge ya kiganja changu ni ya ile gia ya tatu.

Macho ya Baba yamekwisha, Silasi. Ukungu umeingia jicho la kulia, na la kushoto linaelekea hukohuko. Alikataza tusikuandikie ili usije ukaacha kazi. Alianza kunifundisha mwaka jana mara tu baada ya kuhama, akikaa upande wa abiria, miguu juu ya ile sakafu mbovu, akinionyesha kila kitu kwa kusikia: wakati injini inaomba gia, wakati tairi limegusa mchanga. Leseni niliichukua Musoma likizo ya Pasaka. Yule mwanamke wa Katibu Kata nilimpeleka mimi, Baba akiwa kando yangu. Aliyeonja asali huchonga mzinga. Nimelipenda gari hili kama alivyolipenda yeye, labda na zaidi, na Stanislausi anajua, na amesema nikienda kwake niende nalo, niwe nalileta kumpakia Baba. Pikapu yako ni nzuri na itabeba pamba vizuri, wala sisemi usiilete. Lakini Baba hawezi kuiendesha pikapu, wala gari lolote. Kilichobaki kwake ni kukaa kando ya mtu na kumsikiliza Swala.

Basi naomba. Mimi mwanamke nakuomba ng'ombe wako watatu, ili nijinunulie gari kwa mahari yangu mwenyewe. Ukiona nimekosa adabu, sema. Ukiona ni halali, mpelekee Baba simu ya maandishi ya neno moja tu, ABAKI, yeye ataelewa, kwa maana bila ruhusa yako hatakubali hata akiombwa na kijiji kizima. Ukikataa, usiandike kitu. Sitakununia, wewe ni kaka yangu na haki ni yako. Siku ya mnada nitamwendesha Swala mwenyewe mpaka kwa Danford, nisikubali aburutwe kwa kamba, na Baba atakaa kando yangu.

Barua hii nampa Renatus, mtoto wa Shangazi, anayeondoka kesho kupanda treni Mwanza. Amebeba pia dagaa wa Mwigobero, uwaanike kidogo ukiwapokea. Mama anakusalimu na kukukumbusha kufunga chandarua. Shangazi anasema kama kuna lawama mgawie nusu. Baba naye anakusalimu kila siku, ingawa hajui kwamba naandika. Namwona hapa dirishani, yuko nje na kitambaa, anapangusa vumbi la ile safari. Mlango wenye namba 42 ameshaumaliza, na sasa ameuanza tena.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kungoja,
Wankyo Clementi