Kopo la Senene wa Anatory

Izigo,
28 Desemba 1973

Kwako mdogo wangu Anatory,

Pokea salamu za nyumba nzima. Natanguliza za Mama, maana akisikia zangu zimetangulia atasema nimemruka. Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti langu, ambalo habari zake zinakuja. Wewe, shemeji Jovita na watoto hamjambo? Mmeshaizoea baridi ya Uswidi, au bado mnapigana nayo?

Barua yako ilifika, pamoja na ile picha ya Krismasi ya mwaka jana, mlipotoka na watoto kwenda kutazama taa, mkasimama chini yake theluji ikiwamwagikia. Mama aliisogeza picha hadi puani, kisha akakasirika. Alisema mtoto huyu kapatwa na nini, senene wanamwangukia namna hii, naye kasimama tu, mikono mfukoni! Nikamweleza kwamba hao si senene wala panzi wa aina yoyote, ni barafu inayotoka mbinguni. Akauliza ina ladha gani. Nikasema haina. Akakuonea huruma sana: taa zote hizo, na hakuna cha kukamata.

Ungedhani yaliishia hapo. Wapi! Picha ilipelekwa kanisani, ikapelekwa kisimani, ikafika hata kwenye kikao cha kijiji, ambako mwenyekiti alilazimika kuisifu kwanza ndipo aendelee na habari za shamba la ujamaa. Sasa iko ukutani. Na mimi ninayempalilia Mama migomba, mimi niliyemtandikia nyasi mpya sakafuni nyumba nzima kwa ajili ya sikukuu, nimeambiwa nisisimame pale, naiziba picha.

Ndugu yangu, wivu ulinishika hadi chai ikawa chungu. Nikasema, kama ni taa, hata mimi taa nitampa. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake, kwamba leo Protase kanifurahisha.

Basi wiki moja kabla ya Krismasi, Bwana Muharami, yule dereva wa mjini anayeleta chumvi na sabuni kwenye duka letu la kijiji, alitupakia kwenye pikapu yake: Mama mbele kama bibi harusi, mimi na shemeji yako Klaudia na watoto nyuma. Mvua ikatunyeshea njia nzima. Muharami alinichungulia akaniuliza kama hii ndiyo theluji niliyowaahidi watoto. Meno yangu ndiyo yaliyomjibu, yakigongana.

Tulifika Bukoba giza likianza kuingia, na mvua imekatika. Mbele ya kanisa palikuwa na msonobari uliozungushiwa taa nyekundu, za kijani na za njano. Watoto walipiga kelele za furaha. Mimi sikuutazama mti, nilimtazama Mama. Akakaza macho, akafungua mdomo. Nikajua neno langu linakuja.

Wakaja senene.

Mwaka huu walichelewa, tukadhani hawaji tena. Walishuka kwenye zile taa kwa maelfu, wakawa wanaanguka kama kwenye picha yako kabisa, ila hawa wanarukaruka. Mama alivaa rozari shingoni ili mikono iwe huru, akafungua kanga yake ya juu, akaingia kazini. Mwanamke wa miaka sabini! Nami nikakimbia kumsaidia, nikatumbukia mtaroni. Hilo ndilo goti. Mama aligeuka, akaniambia nisimkanyagie senene.

Unamjua, hafuati mambo ya siku hizi. Mwanamke anakamata, wanaume wake ndio wanaokula. Kwa hiyo tulipofika kulala kwa shangazi Kokugonza, kule Nyanga, nilikaa karibu naye nikingoja fungu langu. Akasema hao ni wa Anatory, maskini, anayeishi mahali ambapo taa hazileti kitu.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Juzi Mama alinikabidhi kopo la maziwa ya unga limejaa senene, amewachambua, amewakaanga, amewakausha vizuri. Akasema nilipeleke kwa kina Aroni, kijana wao anayekuja kusoma huko akubebee. Njiani niliketi kupumzisha goti. Nikaonja mmoja, kuhakikisha chumvi imekolea. Nikaonja wa pili, kuhakikisha kwamba yule wa kwanza hakuwa peke yake. Anatory, niliwamaliza. Nakuambia kweli, sijapata kula senene watamu namna ile. Kopo nikalificha kwenye mibuni, nikarudi nyumbani nikichechemea zaidi ya inavyostahili.

Jioni Klaudia aliniwekea mezani lile kopo, kaliokota mibunini, akacheka hadi akakaa chini. Kumbe lako Mama alikwisha kumpa mama yake Aroni siku ya Krismasi, baada ya misa. Hili lilikuwa langu. Mama alimwambia Klaudia kwamba Protase, tangu mtoto, ukimpa chake atalalamika kuwa ni kidogo. Mwambie ni cha Anatory, atakula mpaka arambe vidole.

Nilimkuta Mama jikoni. Hakugeuka. Aliniuliza tu kama chumvi ilikolea.

Msalimie sana Jovita, uwabusu watoto. Klaudia anawasalimu, na Mama anasema mle. Nina ombi moja: theluji ikianguka, piga picha nyingine, safari hii toa mikono mfukoni, ukinge. Atafurahi. Nami nitasogea, nisiizibe.

Ni mimi kaka yako mlafi,
Protase