Gurudumu la Nne la Papa Mdogo

Majengo, Goma

Mama yangu mpendwa,

Umeamkaje huko Butembo? Mguu wako umepona? Na Babu, anakula vizuri? Sisi tuko hai, na masomo yameanza tena. Barua hii anaileta mtawa wa parokia yetu anayekuja kwa ndege, maana barabara bado imefungwa.

Nataka ujue jinsi Mama mdogo, mke wa Papa mdogo, alivyookoka.

Unalikumbuka gari la Papa mdogo Kambale, lile la Kijerumani la zamani, la milango minne, ambalo injini yake ilitoka kwenye magari ya mashindano. Vita vilipokaribia, alifanya kama wenye magari wengi hapa: aling'oa magurudumu, akalilaza gari juu ya mawe ya volkano ili wenye silaha wasilichukue. Kila gurudumu alilificha kwa jirani tofauti. Hakufikiri kwamba majirani nao wangekimbia.

Siku mabomu yalipoanguka upande wa Munigi, uchungu wa uzazi ulimshika Mama mdogo kabla ya wakati. Pikipiki za kumpeleka hospitali hazikuonekana. Magurudumu matatu tuliyapata. La nne lilikuwa kwa Mama Furaha, mjane kutoka Masisi anayekaa nyuma yetu, na mlango wake ulikuwa na kufuli.

"Kambale, pneu yako imeshavuka mupaka," jirani mmoja akamcheka. "Sasa inatembea Gisenyi!"

Papa mdogo akaendelea kuyafunga yale matatu. Ndani Mama mdogo alikuwa analia, nami nilimpangusa jasho nikisali.

Mara tukamwona Mama Furaha akirudi, analisukuma gurudumu mbele yake, watoto wakimfuata.

"Mama, na matelas yako?" nikauliza, maana kila anayekimbia hubeba godoro lake.

"Nimeiacha. Mikono ni mbili tu, mutoto wangu, na hii ni kitu ya mutu. Njiani wakaniambia muke wa Kambale anataka kuzaa. Basi nikageuka."

Gurudumu lilipofungwa, aliingia garini pamoja nasi ili amshike mgonjwa. Injini iliwaka mara moja, Mama, lakini hatukukimbia hata kidogo. Barabara ilijaa wakimbizi, na gari lile liko chini mno kwa mawe yetu. Kijana aliyesukuma chukudu yake ya mbao ya magurudumu mawili, yenye mifuko ya makaa, akatupita akicheka.

"Muzee, hii ndiyo gari ya course? Chukudu inakushinda!"

"Tusaidie, papa," Papa mdogo akamwambia. "Kuna mama anazaa humu."

Kijana akaacha kucheka. Akatangulia mbele yetu, akipaza sauti: "Pisheni! Mama anazaa!" Watu waliochoka, wenye mizigo kichwani, wakatupisha wote.

Tukafika hospitali, na mtoto alizaliwa kimya. Muuguzi alimsugua mgongo mpaka akalia, na sote tukalia naye. Ni msichana. Mama mdogo angali dhaifu, lakini jana aliketi mwenyewe akamnyonyesha.

Nisalimie Babu, na kaka yangu anayechunga mbuzi, na shangazi muuza maharagwe. Mwambie mwalimu wangu wa zamani kwamba bado nasoma kwa bidii.

Mtoto hana jina bado. Tumemwomba Mama Furaha ampe. Amesema anataka kwanza amtazame vizuri.

Binti yako anayekuombea kila siku,
Kavira