Mfereji Tuliouchimba Mimi na Wewe

Mtaa wa Chini,
Dolno Vrbje,
3 Agosti 2009.

Mpendwa ndugu yangu Naum,

Salamu nyingi wewe na Lenka, na poleni na baridi ya huko Melbourne. Goti lako linaendeleaje? Langu la kushoto limestaafu kabla yangu, lakini nakula, nalala, na pombe yetu ya rakija bado inanitambua.

Nianze na sifa zangu. Januari, siku ya kubariki maji, aliyeukamata msalaba padri alioutupa kijitoni ni mimi, mzee wa miaka sabini na mmoja, nikawashinda vijana wote wa kijiji.

Haya, usicheke. Padri Ilarion haoni vizuri siku hizi. Alitupa upande wangu, msalaba ukanasa kwenye mkongojo wangu vijana wakiwa bado wanavua soksi. Lakini maji yalikuwepo, tena ya kufika kiunoni. Leo padri akiutupa utavunjikia mawe, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie kwa hasira.

Kijito chetu kimefungwa, Naum. Unamkumbuka Vangel, mtoto wa yule fundi viatu? Amenunua shamba la juu, kachimba bwawa la samaki, kisha kaweka lango la chuma. Analifungua akipenda, na hapendi. Pilipili za Mtaa wa Chini zimesinyaa kama masikio yangu, na Septemba hatutakuwa na za kuchoma wala za kutia chupani kwa ajili ya baridi. Dada yako Dosta anamwagilia nyanya zake kwa maji ya kuoshea vyombo.

Nilimwendea. Nilimsalimu vizuri kabisa, nikamuuliza mama yake hajambo, ndipo nikamwambia kwamba kijito ni cha Mungu, hakifungwi. Akanijibu huku anawatupia samaki chakula: "Babu, kijito hakina mwenyewe, hiyo ni kweli. Lakini huu ni mfereji, na mfereji una mwenyewe. Kasome ramani."

Nikamwambia babu yake aliiba mbuzi, na mjukuu amepanda cheo. Nikaondoka.

Ramani nimeisoma, kwa kidole, maana darasa la nne ndilo chuo kikuu changu. Ni kweli, manispaa wameandika mfereji. Nikapiga kelele pale ofisini mpaka wakamtuma binti mmoja mpimaji, ana viatu vyeupe na adabu zake. Nilimwonyesha chemchemi inakotoka kwenye mwamba. Nilimwonyesha vyura na kaa. Nilimwambia hakuna padri duniani anayetupa msalaba kwenye mfereji, na kama yupo afukuzwe. Binti akaandika yote. Kisha akasimama pale chini ya mierebi, akafumba jicho moja, akatazama maji yalivyonyooka mpaka barabarani.

"Mzee wangu," akasema, "maji ya Mungu hayatembei hivi. Hapa mtu alivuta kamba."

Kamba nilivuta mimi, Naum, na ncha ya pili uliishika wewe. Mwaka hamsini na nane, trekta ya ushirika ilipokuwa haiwezi kugeuka kwenye ule mpindo, tukachimba wiki tatu kama fuko, tukakinyoosha kijito kama suruali ya harusi. Wakatupa medali ya bati. Yangu nilimvisha punda. Fanija, Mungu amrehemu, alikuwa mchumba wangu wakati huo, na alininunia mwezi mzima, akasema tumemvunja mgongo kiumbe asiye na kosa. Nilimcheka. Sasa Vangel ananicheka mimi, na yeye nina hasira naye, lakini siyo yeye peke yake.

Binti yule si mbaya. Alisema kikao ni tarehe ishirini na nane, na nikileta ushahidi wa jinsi kijito kilivyokuwa kabla ya majembe, ramani itarekebishwa na lango litang'olewa. Maneno ya wazee hayatoshi, maana Vangel naye amekusanya wazee wake, wanaokula samaki wake.

Dosta anakusalimu, mama mkwe wako pia, bado anauliza lini utajifunza kuvaa kofia. Padri anakubariki, japo sijui baraka yake itaangukia wapi. Mungu akulinde, wewe na Lenka na wajukuu, na maji yasiwakaukie.

Sasa, kitu kidogo. Ulipoondoka mwaka sitini na tisa nilikuazima picha ukumbuke nyumbani. Fanija amekaa juu ya jiwe, miguu majini, na nyuma yake kijito kinajipinda kama utumbo wa kondoo. Nyuma ya picha kuna tarehe, mwandiko wake mwenyewe. Manispaa nitawapa nakala tu. Yenyewe itakaa kwangu, na usiniulize kwa nini.

Ulisema unaichukua kwa mwezi mmoja. Mwezi umekwisha, Naum.

Akupendaye hata akinuna,
Gavril