Mama, Ulinitoa Auti Mbele ya Lodwar Nzima

Mpendwa Mama,

Tangu tukuzike nyumbani Bungoma, watu wanaokuja kunipa pole huniambia ulikuwa mpole. Nawaitikia, kwa sababu ni kweli. Lakini kila wakisema hivyo nakuona umesimama katikati ya uwanja wa Lodwar, jua la saa nane likiwaka, mikono yote miwili juu, uwanja mzima unakupigia kelele, nawe husogei hata hatua moja. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Siku hiyo tuliizungumza mara moja tu, na naona bado nina ya kusema.

Uliingia kwenye besiboli kwa sababu hakukuwa na mwingine. Mwaka 2012 mgeni mmoja aliyekuwa akijitolea shuleni kwetu aliondoka, akaacha sanduku la glavu, magongo mawili na kitabu cha sheria. Mwalimu Lokiru, mwalimu wetu wa michezo, alijua kandanda tu. Akasikia kwamba karani mmoja wa kupiga chapa pale mjini alicheza mchezo wa kufanana na huo akiwa msichana wa shule. Akaja nyumbani jioni moja.

"Mama Nekesa, saidia sisi kuwa refa. Hata mwezi moja tu."

Mwezi huo haukuisha. Ulikuwa ukirudi kutoka ofisini, unapika, tukishakula unafungua kitabu. Ulipanga vifuniko vinne vya sufuria sakafuni viwe besi, na maharagwe yawe wakimbiaji. Kisha unaniuliza kana kwamba mimi ndiye mjuzi.

"Huyu anakimbia, anamgonga mlinzi anayeinama kuchukua mpira. Mpira umekufa hapo hapo, mchezo unasimama. Yeye ni auti, ametoka. Sasa hawa wengine niwaweke wapi?"

"Wabaki pale walipofika," nikasema.

"Hapana. Wanarudi walikokuwa mpira ulipokuwa haujarushwa. Hawawezi kufaidika na njia iliyofunguliwa na kosa."

Ukasogeza haragwe moja nyuma kwa kidole, polepole, kama mtu anayemrudisha mtoto kitandani. Mimi nilikuwa nasinzia.

Mwaka uliofuata wasichana wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma wakaja kucheza nasi. Besi zilikuwa magunia madogo ya mchanga, mistari ilichorwa kwa majivu, na watu walijibanza kwenye kivuli cha miti ya mathenge. Mkubwa wa ofisi yenu ndiye aliyekuwa mlezi wa timu yetu. Alikuwa ameahidi kwamba tukishinda atatutafutia gari la kutupeleka Nairobi kwenye mashindano. Rafiki yangu Akiru, ambaye hakuwa amewahi kuvuka Kitale, alikuwa ameshafua nguo zake za safari.

Tulifika zamu yetu ya mwisho ya kupiga. Wao walikuwa na pointi sita, sisi tano. Mmoja wetu alikuwa ameshatolewa. Akiru alikuwa besi ya tatu, mimi ya pili. Tukirudi nyumbani, yaani ile besi ya nne, wote wawili, tumeshinda.

Mpigaji wetu akaupiga mpira, ukaja ukibiringika chini kuelekea njia yangu. Furaha, msichana wa Kikongo aliyekuwa akilinda upande ule, akakimbia na kuinama kuudaka. Nilimwona, Mama. Nilimwona vizuri, hata maua ya kitambaa chake cha kichwani. Nafasi ya kupita nyuma yake ilikuwepo. Sikupita nyuma. Nikampiga bega, akaanguka, mpira ukapenya hadi kwenye mathenge. Akiru akaingia nyumbani, nami nikaingia nyuma yake. Saba kwa sita. Akina mama wakapiga vigelegele, watu wakamiminika uwanjani, mkubwa wako akavua kofia akaipunga.

Wewe hukuwa umesogea. Mikono yako ilikuwa juu tangu Furaha alipoanguka, ila hakuna aliyekuwa akikutazama. Ukangoja. Mmoja akakuona, akamgusa mwenzake, na kelele zikaanza kupungua kutoka upande ule uliposimama wewe.

"Mpira ulikufa pale mlinzi alipogongwa," ukasema. "Nekesa ni auti. Aliyepiga anapewa besi ya kwanza. Akiru anarudi ya tatu. Hakuna pointi iliyoingia."

Hukupaza sauti. Ulisema kama unayesoma barua uliyomaliza kuipiga chapa.

Mwalimu Lokiru akaja mbio. "Mama Nekesa, msichana hakukusudia. Hiyo ilikuwa ajali tu."

"Sijasema alikusudia, Mwalimu. Kwa mpira uliopigwa siulizwi hilo. Alimzuia mlinzi, basi."

Kocha wa Kakuma naye akaona mlango umefunguka. Akataka aliyepiga atolewe pia. Ukamwambia, "Huyo hana kosa. Atasimama besi ya kwanza." Akarudi mahali pake akinung'unika. Nyuma yangu mzee mmoja akasema, "Hii mama naua mtoto yake mwenyewe."

Kisha mkubwa wako akaingia uwanjani. Watu wakampisha.

"Mama Nekesa, huyu si mtoto wako?"

"Ni wangu."

"Basi?"

"Basi ni auti, mkubwa."

Mtu huyo ndiye aliyekuwa akitia sahihi karatasi zako zote za kazi. Nilikuwa nimekusikia mara nyingi ukimwitikia "ndiyo, mkubwa" kwenye simu, hata siku za Jumapili. Nikangoja useme hivyo tena. Badala yake ulimshika Akiru mkono, ukatembea naye hadi besi ya tatu, ukangoja mpaka mguu wake ukanyage gunia. Alikuwa akilia. Ukamfuta vumbi shavuni, ukaenda kwa Furaha ukamtazama goti.

"Iko sawa, mama," Furaha akasema. "Nitacheza tu."

Mpigaji aliyefuata aliukosa mpira mara tatu, akawa wa tatu wetu kutolewa. Mchezo ukaisha.

Tukienda nyumbani uliniuliza kama nina hasira. Sikukujibu, na sikukujibu neno kwa siku tisa. Ulikuwa ukinipakulia, unanisalimu, unaenda kazini, na kule kazini mambo hayakuwa bora. Mwenzako wa ofisini ndiye aliyeniambia kwamba kila asubuhi ulimwambia mkubwa "ejok", salamu ya Kiturukana, naye anainamia karatasi zake bila kuitikia. Ulimsalimu hivyo kwa wiki sita. Nyumbani hukusema lolote.

Ndipo ikaja barua ya Kakuma. Walitaka tucheze tena, safari hii kwao. Mwalimu Lokiru aliileta mwenyewe, akasimama mlangoni akiigeuzageuza.

"Wamesema mwisho hapa: refa awe yule mama. Kama haji, wao hawachezi."

Tulipofika Kakuma walikutangaza kwa Kiswahili, kwa Kisomali na kwa Kiarabu cha Juba. Ukaingia na viatu vyako vya ofisini na kofia ya kanisa, na watu wakanyamaza. Sikuwa nimewahi kuona uwanja ukimnyamazia mtu asiye na cheo.

Siku ile mlinzi wao alisimama njiani bila mpira, akamzuia Akiru asifike nyumbani. Ukainua mikono. Ukasema Akiru amezuiwa, apewe nyumbani. Ilikuwa pointi ya ushindi, na ilikuwa yetu. Manung'uniko yakaanza, watu wakasimama. Nilimtafuta Mwalimu Lokiru kwa macho, nikaona naye ameogopa. Kisha mama mmoja wa upande wao, nadhani ndiye mamake Furaha, akasema kwa sauti ya kawaida, "Yule mama akisema, imeisha. Mukae." Wakakaa. Wote, Mama.

Safari ya Nairobi ilikuwa imeshapita na hakuna aliyeirudisha. Akiru aliivuka Kitale miaka mingi baadaye, kwa nauli yake mwenyewe.

Tulipokuwa tukirudi Lodwar jua lilikuwa bado juu. Mimi na wewe tulikaa nyuma ya lori kwenye mikeka, wenzangu wakiimba mbele. Nikakwambia, "Mama, siku ile nilimwona Furaha. Ningeweza kumpita."

Ulinigeukia.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilipaswa kusema nani ametoka na nani anarudi wapi. Hayo niliyasema. Hilo lingine lilikuwa lako, nikakuachia."

Ukafungua chupa ya maji, ukanipa nianze mimi.

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi tangu wakati huo. Nimeona watu wenye majoho na walinzi wakitetemeka mbele ya jambo dogo kuliko lile. Kila mara nakukumbuka wewe, karani wa kupiga chapa, ukitoa hukumu yako kamili na kuikomesha pale pale ilipopaswa kukoma, na bado sielewi ulipata wapi nguvu za yote mawili. Nilikupenda kabla ya siku ile kwa sababu u mama yangu. Baada yake nilikutazama kama watu wanavyotazama mlima.

Pumzika, Mama. Huku sote tuko salama.

Binti yako,
Nekesa